Goti Lililoombewa

Jumamosi soko la Nyawera, Bukavu, halimpi mtu nafasi ya kusimama kwa mguu mmoja, lakini Eulalie alikuwa amesimama hivyo hivyo, mguu wa pili umo ndani ya kiatu cha magurudumu cha occasion, mtumba, mkono unatafuta pa kushika. Ukashika bega la mwanaume asiyemjua.

"Mademoiselle, hizo hapana," mwanaume akasema bila kusogea. "Angalia cheville yako, kifundo ya mguu, vile inacheza. Utaanguka."

"Na weye njo muuzishaji?"

"Hapana. Nilisikia unamwelezea papa mwenye biashara mambo ya goti. Mi pia, yangu ilikufa. Nilikuwa nakimbia."

Alivaa shati la bluu lililopigwa pasi hadi kwenye kola, na alikuwa na macho ya mtu anayekaribia kucheka. Jina lake Nathanaël. Eulalie naye alikuwa amekimbia kila asubuhi tangu lycée, mpaka daktari alipomwambia kwamba kila hatua ya mbio inaligonga goti, atafute mchezo wa kuteleza, usiogonga. Siku hiyo alilia kama aliyefiwa.

Nathanaël akamchagulia patins nyingine: buti gumu la kubana kifundo, magurudumu laini ya kumeza vishimo vya lami, breki nyuma ya kisigino. Kisha akachukua jozi yake mwenyewe.

Mapenzi yalianzia mtaa wa Muhumba, kila Jumapili baada ya misa ya kwanza, mahali ambapo lami ni nzuri na ziwa linaonekana kati ya nyua. Walianguka, wakashikana, wakaanguka tena.

"Unaanguka makusudi, chéri," Eulalie alimwambia.

"Ni juu unipe mukono."

Siku moja Eulalie alililia goti lake kifuani pa Nathanaël. "Najua, chérie," akamwambia, na machozi yake mwenyewe yakamtoka. "Mi pia nililia vile." Neno hilo ndilo lililomchukua Eulalie mzima mzima.

Mama yake, Maman Emérence, alipomwona mkwe mtarajiwa anachechemea kanisani, alileta mafuta ya dawa kutoka Katana, akalisugua goti lile kwa mikono yake. Hakuishia hapo. Alilipeleka kwenye shirika lao, jumuiya ndogo ya kanisa mtaani, na majirani wote wakaliombea novena, sala za siku tisa. Jioni zote Nathanaël alikaa mbele, kichwa chini. Eulalie alidhani ni unyenyekevu.

Jumapili iliyofuata familia ya Nathanaël ilikuwa ije kujitambulisha. Katikati ya wiki hiyo, asubuhi, Eulalie alimpigia simu.

"Uko wapi, mupenzi?"

"Mu... kitanda."

"Goti?"

"Inauma... kidogo."

Mwanamke mwingine angesikia pumzi ile ya kukatika akafikiria mwanamke mwenzake. Eulalie alikuwa amekimbia miaka mingi. Alijua pumzi ya kitanda na pumzi ya mbio, na chini ya hii kulikuwa na viatu vinavyopiga lami. Akakata simu. Alitamani ingekuwa mwanamke. Angemtukana, mambo yakaisha.

Alifunga patins zake akashuka Muhumba, kwa sababu mkimbiaji wa Bukavu anayetaka lami nzuri hana pengine pa kwenda. Hakungoja sana. Nathanaël alitokea kwenye kona na kaptura nyeusi, mwepesi, magoti yote mawili yanapanda sawasawa. Alimwona. Akasimama. Halafu akaanza kuchechemea.

"Usichechemee, Nathan," Eulalie akasema. Sauti yake ilikuwa chini kabisa.

"Chérie, siku ile ku soko nilitafuta tu neno ya kukusemesha. Kisha sikujua namna ya kupona."

"Nililia goti yangu juu yako. Na weye ukalia."

"Nilikuwa nakulilia weye. Ile machozi haikukuwa bongo, haikukuwa ya kudanganya."

"Na maman? Alikupigia magoti ku novena. Magoti yake, ya muzee."

Nathanaël alitazama viatu vyake. Jasho lilimdondoka kidevuni.

"Ba papa bako tayari kwa Dimanche ya kujitambulisha," akasema. "Nibaambie babakie ku nyumba?"

Kilichomuuma Eulalie zaidi ni kwamba mtu huyu alikimbia vizuri, vizuri hasa, na yeye hakuwahi kumwona.

"Ungeniambia kama unakimbia, ningekupenda vile vile. Ningekufuata na patins. Sasa enda kwetu. Maman iko ku nyumba. Anataka kuomba misa ya kushukuru Mungu, juu ulimwambia goti inaanza kupona. Mbele maman ashukuru, umwambie kwanza ile goti haikugonjwa hata siku moja."

"Na kisha?"

"Kisha maman njo atasema kama mulango itafunguka Dimanche. Mi leo sina jibu. Kimbia."

Akakimbia. Eulalie alimfuata polepole, hakutaka kumfikia. Pale kwenye kona, kwa mazoea tu, Nathanaël alichechemea hatua mbili, akakumbuka, akaunyoosha mguu, akaendelea kupanda. Eulalie akacheka bila kutaka, na ni kicheko hicho kilichomliza.