Mstari wa Kumi na Mbili

Chizuru Eto hakuwa mtu wa kugombania chakula, lakini siku hiyo njaa ilimvua adabu. Ilikuwa Jumamosi ya sikukuu, kituo cha treni cha Beppu kimefurika watalii na masanduku yao, na katika duka la jukwaani lilibaki boksi moja tu la kuku wa kukaanga. Akalishika upande wa kushoto. Mkono mwingine ukalishika upande wa kulia.

"Dada, mimi nimelitolea macho tangu nikiwa mlangoni."

Alikuwa kijana mrefu, ovaroli la bluu lina madoa ya grisi, nywele kama zimekatwa na mtu asiyempenda.

"Kutolea macho si kununua," alijibu Chizuru.

"Basi tugawane. Wewe ule kuku, mimi nile wali na machozi yangu."

Alicheka kabla hajajizuia, na hapo mambo yakawa yamekwisha. Waliketi benchi moja, yeye na koti lake la sufi la rangi ya kahawia, kijana na ovaroli lake, wakala kutoka boksi moja huku treni mbili zikiwapita. Kijana alijitambulisha kuwa ni Sogo Hazama, fundi wa lifti kutoka Oita. Chizuru akamwambia kwao ni Hisagoya, nyumba ya wageni ya kule mlimani yenye bwawa la maji ya moto.

"Ile yenye ubao mlangoni?"

"Zote zina ubao mlangoni."

Ubao huo uliandikwa na babu yake, enzi ambazo wahuni wenye migongo iliyochorwa walikuwa wakiingia bwawani na wageni wengine wakitoka. *Wenye tatuu hawaingii majini.* Chizuru alikuwa ameupita kila siku tangu azaliwe, na wala hakuwa akiuona tena.

Mwaka mzima walipendana, na simu ndiyo iliyofanya kazi kubwa.

"Bwana Kuku, umekula?"

"Nimekwama kwenye lifti."

"Si wewe ndiye fundi?"

"Basi nani mwingine akwame? Mpenzi, nisimulie kitu, hapa giza."

Chizuru alikuwa mtoto wa pekee, kwa hiyo atakayemwoa angehamia Hisagoya na kuchukua jina la Eto, kama alivyofanya baba yake mwenyewe. Sogo hakulalamika. Alisema jina lake halina mtu mwingine wa kulitumia, mama amekufa na baba hakuwahi kumjua, basi acha likapumzike.

Mwezi wa pili mjomba wake Sogo aliuza nyumba ya zamani alimokulia Sogo, kule Usuki, ibomolewe. Walikwenda wote kutoa vyombo. Chumbani palikuwa na nguzo ya mbao yenye mistari ya penseli. Kila mwezi wa tano, sikukuu ya watoto, mama yake Sogo alikuwa akimsimamisha pale, anamwekea kitabu kichwani, anapiga mstari. Mistari ilikuwa kumi na mmoja. Mwezi wa tano uliofuata mama hakuwepo.

Sogo aliipapasa mmoja mmoja kwa kidole. Kisha akageuka.

"Simama hapa."

"Mimi? Nina miaka ishirini na tisa."

"Usinyanyue visigino. Nakujua wewe."

Chizuru alihisi kitabu utosini na penseli ikikwaruza mbao.

"Nimekua?" aliuliza.

"Umefika," Sogo alisema.

Jumanne iliyofuata mchana, Chizuru akiwa anakunja taulo za wageni, simu ililia.

"Sauti gani hiyo?" aliuliza. "Umefuga nyuki?"

"Niko Fukuoka. Nachorwa tatuu. Ya kwanza, na inauma ajabu, usimwambie mtu."

Taulo ilimponyoka.

"Nyumba inabomolewa keshokutwa," Sogo aliendelea. "Nguzo itakuwa kuni. Mistari ya mama nimeinakili kwenye karatasi, sasa inahamia ubavuni, midogo midogo."

"Sogo. Mwezi ujao unakuja kwa Baba."

"Najua."

"Baba atakwambia, twende tukaoge. Utamsugua mgongo, na yeye atakupima. Wachumba wote hupimwa hivyo huku kwetu."

"Najua, mpenzi."

"Unajua, na ukaenda kujichora. Karatasi haikukutosha?"

"Karatasi hupotea. Mama amenipotea mara moja, sitaki ya pili."

"Basi umemchagua yeye, umeniacha mimi."

"Chizu, sikiliza. Hayupo peke yake hapa. Kuna mmoja—"

Akamkatia simu.

Walipoonana, Sogo alitaka kupandisha fulana amwonyeshe. Chizuru akageuza uso. "Sitaki kuuona huo mchoro. Siku ukija, ubandike plasta."

"Siwezi kuingia kwa mzee na uongo ubavuni."

"Plasta si uongo."

"Ningekuwa mgeni wa usiku mmoja, sawa. Nakuja kuwa mtoto wake."

Alikuja mwishoni mwa mwezi wa tatu, suti nyeusi, tai ya kuazima, boksi la vitamutamu limefungwa kwa karatasi nadhifu. Mzee Eto alimpokea akiwa na koti lake la kazi la buluu iliyokoza. Wakanywa chai. Kisha mzee akamwekea taulo mkononi. "Twende."

Chizuru alikaa koridoni akisikiliza maji yakimwagwa, kisha kimya, kisha maneno machache asiyoyashika. Nusu saa ilipita. Wakatoka nyuso zimeiva kwa joto, na mzee akamfungashia Sogo machungwa kwenye mfuko wa karatasi.

"Treni ya saa kumi na robo ndiyo yenye viti," alisema, akainama kwa heshima.

Sogo aliinama zaidi. Pale kwao, ukitajiwa saa ya treni ambayo hukuiuliza, umeshaonyeshwa njia. Chizuru alimfuata hadi getini.

"Mzee ameniuliza swali moja tu," Sogo alisema. "Ngoja nikwambie."

"Usiniambie. Nilikuomba plasta, Sogo. Plasta tu."

"Niambie nirudi. Nitarudi hata kesho."

"Usirudi. Wala usinipigie."

Alisimama na machungwa yake mkononi, kisha akashuka mlima. Alipiga simu mara mbili wiki hiyo. Mara zote mbili Chizuru aliiacha ilie, uso ameuzika kwenye taulo. Sogo hakupiga tena.

Chizuru aliumia, na kuumia kwenyewe hakukuwa kwa kishujaa. Alikonda, akawa mkali kwa wapishi, akaacha kula kuku. Miaka miwili na nusu aliwainamia wageni na kuwatabasamia, na akilala alimsikia mtu anamwambia asinyanyue visigino.

Asubuhi moja ya vuli alimkuta baba yake amesimama juu ya ngazi, bisibisi mkononi, anahangaika na ule ubao.

"Baba, unafanya nini huko juu?"

"Nautoa. Siku zote hizi namngoja fundi wako anishikie ngazi. Nimechoka kungoja."

"Fundi wangu?"

"Yule wa lifti. Kwa nini hakurudi?"

Chizuru alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Ulimpa machungwa. Ukamtajia treni."

"Ndiyo, ili arudi. Babu yako alinipa machungwa mara tatu mimi. Mara ya nne ndipo akanipa mama yako. Hakuna baba anayekubali siku ya kwanza, Chizuru. Nilidhani unajua."

"Na tatuu?"

"Ilinichoma moyo, sikufichi. Nikamuuliza, mistari hii ni nini? Akasema ni mama yake akimpima. Nikaitazama vizuri. Kumi na mmoja inapanda taratibu, wa kumi na mbili umeruka hadi kwapani. Nikamwambia, hakuna mtoto anayerefuka hivi kwa mwaka mmoja. Akasema, huo si mimi, mzee. Huo ni Chizuru."

"Hukuniambia."

"Ubavu wa mchumba wako, mama? Mimi ndiye nikusimulie?"

Chizuru alikaa kwenye kizingiti. Namba alikuwa bado anaijua kwa moyo.

"Bwana Kuku," alisema ilipopokelewa.

"Chizuru." Hakusema Chizu.

"Mstari wa kumi na mbili."

"Ndiyo."

"Ulitaka kuniambia."

"Mara tatu."

"Baba anatoa ubao. Anakungoja umshikie ngazi." Alisema haraka.

Sogo alivuta pumzi. "Nimeoa, Chizuru. Mwezi wa nne. Niko Nagasaki."

"Mkeo anaujua?"

"Anaujua. Amesema usifutwe. Yeye nimemweka ubavu wa kulia. Tunangoja mtoto. Mstari wake utaanza chini kabisa."

"Hongera," Chizuru alisema, na alimaanisha, ndiyo maana iliuma vile. "Mpime vizuri. Asinyanyue visigino."

"Sitamruhusu."

Chizuru akakata simu, taratibu safari hii. Juu ya ngazi baba yake alikuwa amesimamisha bisibisi.

"Anakuja?"

"Haji, Baba. Nitakushikia mimi."

Akafuta uso kwa mkono wa kimono, akaishika ngazi kwa mikono yote miwili, na hakuiachia mpaka skrubu ya mwisho ilipotoka.