Kufuli la Seremala

Ndugu zangu, hadithi hii nitaisimulia nikiwa na hasira, na msinilaumu. Mkiisikiliza mpaka mwisho halafu mkabaki mmetulia, basi tatizo liko kwenu, si kwangu.

Asubuhi yenyewe ilikuwa njema. Wanawake wawili walikuwa juu ya baiskeli za kukodi, wakikizunguka kisiwa. Aliyetangulia alikuwa fundi cherehani, watu wakimwita Pindo kwa sababu nguo aliyoipinda yeye haikufumuka. Alizaliwa kisiwani hapo, akaondoka akiwa msichana kwenda kutafuta kazi mjini, ng'ambo. Aliyefuata nyuma alikuwa Muuguzi, mpangaji mwenzake wa miaka minne, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga kisiwa chochote maishani mwake. Likizo zao ziliangukia wiki moja, Pindo akamwambia, "Twende kwetu. Nitakuonyesha kisiwa kizima kwa siku mbili, tena kwa nguvu za miguu yako mwenyewe."

Bahari ilikuwa kushoto, minazi kulia. Muuguzi aliendesha kama mtu aliyebeba yai kichwani, akipiga kengele kila alipoona kuku.

"Kuku wa huku hawajui kengele!" Pindo alimcheka.

"Basi wafundishwe leo. Mimi breki hizi sina imani nazo."

Kila baada ya kona Pindo alikuwa na la kuonyesha. Hapa aliiba mapera na Chiriku, wakakimbizwa mpaka pale. Kutoka jiwe lile Chiriku alirukia majini akiwa na sare ya shule, akachapwa na mwalimu kabla hajakauka.

"Huyo Chiriku ndiye nani? Tangu asubuhi namsikia yeye tu," Muuguzi aliuliza.

"Shoga yangu wa utotoni. Mdomo wake haukupumzika, ndiyo maana tukamwita hivyo. Aliolewa mbali huko, mama aliniambia. Hata kuniaga hakuniaga, mshenzi yule." Pindo alicheka, lakini kidogo.

Walipofika njia panda Pindo alikumbuka maneno ya mama yake: upande wa kaskazini msiende, njia ni mbovu. Akatazama. Njia ilikuwa nzuri kuliko ile waliyopita.

"Mama naye anazeeka," alisema, akakata kona. "Huku ndiko kwao Chiriku. Tukamwamkie baba yake, seremala. Na maji yametuishia."

Nyumba ya seremala ilikuwa na madirisha ya kuchonga na uwanja uliofagiliwa. Hapakuwa na mtu. Walizunguka nyuma, ambako palikuwa na jiko na chumba kidogo cha ghala chenye mlango mnene na kufuli la ukubwa wa ngumi.

"Hodi!" Pindo aliita.

"Karibuni," sauti ilijibu kutoka ghalani. "Lakini mlango umefungwa kwa nje."

Marafiki walitazamana. Pindo aliiegemeza baiskeli ukutani, ikaanguka, hakuiokota.

"Chiriku?"

"Nani wewe unayenijua?"

"Mimi niliyeiba mapera nawe."

Ndani mtu alicheka, au alilia. Ukuta ulikuwa mnene, haikuwa rahisi kujua. "Nilisikia kengele," sauti ilisema. "Nikasema leo kuna mtu. Huku hapiti mtu."

Juu ya mlango palikuwa na tundu la hewa. Muuguzi alipanda kwenye gogo akachungulia. Aliona godoro, ndoo, sahani ya bati, na mwanamke mwembamba aliyekatwa nywele ovyo, mkono wake mmoja una kovu la moto kutoka kiwiko hadi kiganja.

"Dada, wamekufungia kwa nini?"

"Naanguka."

"Kifafa?"

"Usilitaje kwa sauti. Baba hapendi."

"Tangu lini?"

"Mwaka niliomaliza shule. Nilianguka mbele ya wageni waliokuja kuniposa. Mara nyingine nikaangukia jiko. Ndipo nikawekwa humu. Ni mwaka wa saba."

"Dawa umewahi kupewa?"

Chiriku aliinua uso kulitazama tundu. "Kwani dawa ipo?"

Mmesikia swali hilo? Zahanati ya kisiwa ilikuwa mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka mlango ule. Vidonge vilikuwa kabatini. Miaka saba, na binti wa watu anauliza kama dawa ipo!

Pindo aliokota baiskeli. "Kaa naye," alimwambia Muuguzi, akaondoka. Njia ile hakuiona. Alichokiona ni barua tatu alizomwandikia Chiriku akiwa mjini, akazituma kwa mama yake zifikishwe kwa "mume wa huko". Alipokosa majibu alisusa, akaacha kuuliza. Hilo ndilo lililomchoma zaidi: kwamba aliacha kuuliza.

Karakana ilikuwa kando ya soko. Seremala alikuwa anapiga msasa kitanda kikubwa kipya, na wateja wawili wamekaa juu ya mbao pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Pindo hakumwamkia mtu mzima.

"Nipe ufunguo."

"Ufunguo gani, mwanangu?"

"Usiniite mwanangu. Wanao nimeona unavyowatunza."

Msasa ulisimama. Seremala aliwatazama wateja, kisha akashusha sauti. "Unadhani napenda? Aliungua mkono mzima mimi nikiwa hapa kazini. Nilimfungia asife. Na mdogo wake anaolewa wiki ijayo. Wakisikia nyumbani kuna kifafa, nani atamchukua?"

"Kwa hiyo unamwozesha mmoja kwa kumzika mwenzake."

"Binti," mwenyekiti aliingilia, "haya ni mambo ya familia. Punguza sauti."

Pindo alimgeukia. "Na wewe ulikuwa unajua?"

Mwenyekiti alitazama viatu vyake.

"Nani hapa hakuwa anajua? Anyooshe mkono nimwone!"

Soko zima lilikuwa limesikia. Mwuza nyanya aliacha kupanga nyanya. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Basi sikilizeni," Pindo alisema. "Kwenye ule mlango amesimama muuguzi wa hospitali kubwa. Akiondoka pale bila yule dada, anakwenda polisi, na majina yenu nitayataja mimi, moja baada ya jingine."

"Mpe ufunguo," mwenyekiti alisema haraka. Huruma ilishindwa kumwamsha kwa miaka saba; woga ulimwamsha kwa dakika moja.

Ufunguo ulikuwa shingoni mwa seremala, kwenye uzi. Aliuvua akampa Pindo.

Mlango ulipofunguka Chiriku alifunika macho. Alipiga hatua kumi hivi, akakaa chini kwenye mchanga. "Kumbe uwanja ni mkubwa hivi," alisema.

Wakampandisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Pindo alishika usukani akisukuma, Muuguzi akamshika mabega. Watu walitoka milangoni. Bibi mmoja alisema, "Maskini, Mungu ni mwema."

"Mungu alikuwa mwema tangu zamani, bibi," Pindo alimjibu. "Wabaya tulikuwa sisi."

Katikati ya njia Chiriku alikakamaa. Walimshusha kwa shida, akaanza kutikisika. Watu wakaruka nyuma. "Msimguse, inaambukiza!" mmoja alipiga kelele. Mwingine alileta kijiko cha kumtia mdomoni. Muuguzi alikinyakua akakitupa vichakani. Akamlaza Chiriku ubavu, akamwekea mtandio wake chini ya kichwa, akatazama saa. Hazikutimia dakika tatu. Mtikisiko ulikoma, Chiriku akalala hoi kwa muda, akafumbua macho akiwa hajui yuko wapi, na mwishowe akaomba maji. Watu walikuwa wamejiandaa kushuhudia mauti au mashetani, wakaona binadamu mwenye kiu.

Zahanatini walimpokea siku hiyohiyo, akaanzishiwa vidonge.

Jioni Pindo aliingia kwa mama yake, hakuketi.

"Ulijua."

"Nilijua," mama alisema.

"Ukaniambia kaolewa."

"Ulikuwa unamuulizia kila siku. Ningekwambia nini? Si nyumba yangu, mwanangu."

"Na kilio chake ulikuwa unakisikia?"

Mama alikunja leso mapajani, akaikunjua. "Nilipopita kwenda kuokota kuni, nilikisikia. Mwaka wa kwanza. Halafu akanyamaza. Nikadhani amezoea."

Pindo alimpenda mama yake, na siku ile hakuweza kumtazama. Alichukua begi lake, akahamia kwa shangazi yake mpaka likizo ilipokwisha.

Na harusi? Wakwe waliposikia, walikuja. Seremala aliwapangia viti uwanjani, akaanza kujitetea kwamba ugonjwa ule si wa kurithi. Mama wa bwana harusi alimkata kauli. "Kifafa tungekipokea. Kwetu pia kuna wagonjwa. Tusiloweza kulipokea ni baba anayekula chakula chake sebuleni huku mwanawe anasikiliza mlio wa sahani. Leo huyu, kesho mjukuu wangu." Wakaondoka. Yule binti mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akipeleka sahani ghalani kila siku baba alipofungua mlango, na kuamriwa asiseme, alifunga nguo zake akamfuata dada yake, aliyekwisha kuhamia kwa mama yao mdogo, jirani na zahanati. Seremala akabaki na nyumba yake nzuri, peke yake.

Miezi mitatu baadaye Chiriku, aliyekuwa akianguka mara mbili tatu kwa wiki, alikuwa ameanguka mara moja tu. Sauti yake imerudi. Wauguzi wa zahanati wanasema siku za kuchukua vidonge hawafanyi kazi kwa maneno yake. Baba yake alikwenda huko, akapiga magoti mbele ya watu, akaomba radhi.

"Inuka, baba," Chiriku alimwambia. "Sikuchukii. Lakini kusamehe kunataka muda, na muda wangu uliuchukua wewe."

FUNZO

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Seremala aliyaficha maradhi ya mwingine, na aliyelipa alikuwa yule aliyefichwa. Kifafa si laana, hakiambukizi, na si aibu ya ukoo. Mgonjwa akianguka, mlaze ubavu, mwondolee vitu vya kumwumiza, usimtie kitu mdomoni, usimwache peke yake. Akizidi dakika tano, mkimbize hospitali. Dawa ipo, mwambieni kila mtu kwamba dawa ipo.

Nanyi majirani, msijifiche nyuma ya seremala. Ufunguo ulikuwa mmoja, lakini waliokuwa wakijua walikuwa soko zima. Ukipita kando ya nyumba ukasikia mtu analia, bisha hodi. Na ukiona kilio kimekoma, usiseme amezoea. Hapo ndipo ukimbie.