Mlango Ndani ya Ukuta

Redio ilipanda sauti upande wa pili wa ukuta. Mshona nguo akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani chake. Leo tena.

Nyumba za mtaa ule zilikuwa zimebebana, ukuta mmoja ukihudumia familia mbili. Ukipiga chafya, jirani anakuombea afya. Ukikaanga kitunguu, mpaka nyumba ya kona wanajua mtakula nini. Ndiyo maana watu walijiwekea adabu yao. Mwenye jambo la faragha hupandisha redio, na majirani wa pande zote hubeba vigoda vyao wakakae nje mpaka redio ishuke. Aliyesikia kwa bahati mbaya haulizwi, na akiulizwa hasemi.

Naye akabeba kigoda chake. Lakini kabla hajavuka kizingiti, chini ya ule wimbo akasikia kicheko. Kicheko cha mwanamke, kimezibwa kwa kiganja.

Akasimama pale pale, kwa sababu nyumba ile ilikuwa ya mwashi, na mwashi ndiye mwanamume aliyemwomba amuoe. Hakumkataa. Alimwambia tu, "Nikiolewa, mama yangu nitamwacha na nani?" Mama alikuwa mjane, na aliapa kuwa nyumba aliyoishi na marehemu hataiacha mpaka naye abebwe. Mwashi akajibu, "Basi nitasubiri." Tangu hapo binti aliliweka jambo hilo mbele za Mungu asubuhi na jioni.

Nje alimkuta Bibi Kona, ambaye nyumba yake ilifunga safu, na kinyozi anayepakana na mwashi upande ule mwingine.

"Karibu ukae, mwanangu. Kaupepo kazuri leo," Bibi Kona alisema.

"Ana mgeni gani?"

"Nani?"

"Mwashi."

"Mimi nasikia redio tu."

Akamgeukia kinyozi. "Na wewe mwenye ukuta wako kule, umesikia nini?"

Kinyozi akatazama viatu vyake. "Nimesikia taarifa ya habari."

"Mbona unapigwa wimbo?"

"Basi nimesikia wimbo."

Bibi Kona akaangalia pembeni, mabega yakimtikisika. Mshona nguo akaona wazi kwamba wote wanajua, na yeye peke yake ndiye gizani. Akatoa simu, akamwandikia mwashi.

"Una mgeni?"

Jibu likaja haraka. "Ndiyo. Nitakueleza Jumapili."

"Nieleze sasa."

"Siwezi. Nivumilie, mpenzi."

Akafumba macho pale pale juu ya kigoda. Ee Mungu, kama moyo wangu unanidanganya, unyamazishe. Moyo haukunyamaza. Akaandika: "Kama umechoka kusubiri ungesema. Sikuzuii. Kuanzia leo sisi ni majirani tu."

Akatuma. Muda si muda simu ikalia. Akaiacha ikalia mpaka ikakatika. Ilipolia tena akapokea, na wimbo ule ule ukamwingia kwa masikio mawili, huku simu, huku dirisha.

"Umemaanisha hayo uliyoandika?" mwashi aliuliza.

"Na wewe umemaanisha hicho kicheko?"

"Kicheko gani?"

"Cha huyo mwanamke uliyenaye."

Kisha sauti ya kike ikanong'ona mbali na simu, "Kata. Kata simu." Ikakatwa.

Mshona nguo akasimama.

"Unakwenda wapi?" Bibi Kona aliuliza.

"Kugonga."

"Redio iko juu, mwanangu. Hapa hajawahi kugonga mtu redio ikiwa juu."

"Basi leo amepatikana."

Akagonga kama mtu anayedai chake. Mwashi akafungua, nyusi zimejaa vumbi la chaki.

"Mpenzi, ngoja kwanza..."

Hakungoja. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vya chai. Kando ya vikombe ilikuwepo tepu yake ya kupimia nguo, ile aliyoitafuta wiki nzima mpaka chini ya godoro. Kwenye ukuta, ule ukuta wao, umechorwa mstatili mkubwa kwa chaki. Na chini ya pazia la chumbani zilionekana kandambili ambazo mkanda wake aliushona yeye mwenyewe, kwa uzi mwekundu.

"Mama?"

Pazia likasogea taratibu. Mama akatoka, uso wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Si ulisema unakwenda kwenye maombi?"

"Tumeomba pia," mama alisema. "Tumeomba huu ukuta usituangukie."

Binti akatafuta kiti. Mama akaketi karibu naye.

"Huyu kijana alinifuata. Akaniambia, mama, binti yako hawezi kukuacha, na wewe huwezi kuiacha nyumba. Basi nitoboe mlango hapa katikati, tuwe pamoja. Mwenye nyumba ameshakubali. Nikamwambia nionyeshe kwanza, maana kwa maneno kila mwanamume ni fundi."

"Na kicheko?"

"Alikuwa anapima upana kwa mabega yangu. Nikamwambia ashuke chini kidogo, huko ndiko mlango utakakokwama."

Mwashi akainama kuficha uso.

"Na tepu yangu?"

"Niliichukua nipime cherehani chako. Usije ukaolewa, kikabaki upande wangu."

Mshona nguo akacheka, halafu machozi yakamtoka. "Nami nimekuandikia yale maneno."

"Nimeyasoma," mwashi alisema. "Mama naye ameyasoma."

"Makali," mama alisema. "Umenirithi."

"Kumbe Bibi Kona alijua?"

"Mtaa mzima unajua," mwashi alijibu. "Kicheko cha mama yako hakuna redio ya kukifunika. Ila adabu ni adabu. Nilitaka Jumapili niutoboe, nipite hapo nije nikuulize kwako. Umegonga kabla sijashika nyundo."

"Niulize sasa."

Mwashi akasogea, akapiga goti juu ya vumbi la chaki, akasema jambo kwa sauti ya chini.

"Sikusikii. Zima redio."

"Nikizima, wote watasikia. Ukinikataa itabidi nihame."

"Nimekwambia zima."

Mkono wake ulikawia juu ya kitufe. Kisha akazima, na kimya kikashuka mtaa mzima. Nje kigoda kimoja kililia, kikatulia.

"Uko tayari," mwashi aliuliza, "tuishi nyumba mbili zenye mlango mmoja?"

"Niko tayari."

Mama alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza bila sauti. Ndipo Bibi Kona akaita kutoka nje:

"Kinyozi anasema hakusikia vizuri. Rudia, mwanangu."

Mshona nguo akaenda ukutani, akaweka kiganja katikati ya ule mstatili wa chaki, akajibu kwa sauti ya kufika mpaka nyumba ya kona.

"Nimesema ndiyo."

Vigelegele vikaanzia nje, vikapokewa nyumba hadi nyumba. Mama akafumbua macho, akachukua birika.

"Haya, tokeni mkawape watu chai, wamekaa nje siku nyingi. Na wewe mwashi, kesho usianze kugonga mapema. Nina maombi. Safari hii ya kweli."