Pampu Moja, Mlima Mmoja

Kila asubuhi kabla ya masomo, Priscah hufunga mtungi wa maziwa nyuma ya baiskeli na kuupeleka kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Kwenye mwinuko wa mwisho, trekta la maziwa linapopita, hulishika trela kwa mkono mmoja likamvuta hadi juu. Dereva humpigia honi kwa furaha. Hakuna aliyewahi kumkanya, na miaka miwili ya kuvutwa hivyo ilimfanya aamini kwamba ana miguu ya chuma.

Jumamosi moja, Chama cha Baiskeli cha shule yake kilifunga safari ya Timboroa, juu mlimani. Wanafunzi walisafiri wawili wawili, kila jozi na pampu moja na kadi moja. Sharti lilikuwa wazi: wafike pamoja, kwa nguvu za miguu yao wenyewe, kabla ya saa nane. Jozi ambayo kadi yake ingetiwa sahihi ndiyo ingekwenda ziara ya Nakuru mwezi wa Agosti. Priscah hakuwa amewahi kufika Nakuru, na aliitamani safari hiyo kuliko kitu chochote.

Mwenzake alikuwa Diana, binti wa karani aliyehamia kutoka Kakamega. Aliendesha baiskeli nzito ya babake.

"Hiyo yako ni ya kubeba magunia," Priscah alimtania.

"Na huo mdomo wako unabebwa na nini?" Diana akajibu. Walicheka hadi mji mdogo wa Burnt Forest.

Baada ya hapo mlima ukaanza. Diana alibeba maji na chapati. Priscah alibeba pampu na viraka. Upepo wa msituni ulikuwa baridi, na mapaja yaliwawaka moto. Mara trekta lililovuta trela la mahindi likawapita taratibu.

"Tushike!" Priscah akasema.

"Na sharti je?"

"Ni kidogo tu! Kwetu nashika kila siku."

"Mimi sishiki. Nimekuja na miguu yangu."

"Basi tukutane juu, Mama Sharti!"

Priscah akalishika trela. Alipogeuka kutazama nyuma, Diana alikuwa mdogo kama nukta. Penye kona, akatoweka.

Saa saba na nusu Priscah alifika Timboroa. Mwalimu Musimbi, mlezi wa chama, aliketi kando ya barabara, kalamu mkononi.

"Diana yuko wapi?"

"Anakuja, Mwalimu. Amechoka kidogo."

Mwalimu aliitazama pampu iliyofungwa kwenye baiskeli ya Priscah. "Akipata pancha, atatumia nini?"

Zaidi ya Diana, hakuna aliyemwona Priscah akilishika trekta. Angengoja tu, Diana afike, kadi itiwe sahihi. Lakini dakika zilipita na barabara ikabaki tupu.

"Mwalimu, nimekudanganya. Nilishika trekta nikamwacha."

"Unajua kadi haitatiwa sahihi?"

"Najua. Naomba ruhusa nimpelekee pampu."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Priscah aliteremka kilomita nne, akamkuta Diana akiisukuma baiskeli, tairi limelala, jasho likimtiririka.

"Nisamehe, Diana."

"Leta pampu kwanza," Diana akasema kwa ukali. Kisha akampa maji. "Kunywa. Umekauka midomo."

Walibandika kiraka, wakapanda. Malori mawili yalipita polepole karibu nao. Priscah hakuinua mkono. Mlima ule ule sasa ulimtoa machozi. Walifika saa tisa na robo.

"Diana hakuvunja sharti, na kuchelewa si kosa lake," Mwalimu Musimbi alisema. "Atakwenda Nakuru nami. Wewe, Priscah, utabaki. Ulipolishika trela, ulidhani umeuibia mlima tu. Kumbe ulimnyang'anya mwenzako pampu. Mtu mwaminifu hutimiza sharti hata asipoonekana, kwa sababu daima kuna anayemtegemea. Lakini umesema kweli mwenyewe, tena umeupanda mlima huu kwa haki. Novemba tuna safari nyingine. Jina lako nitaliandika."

Priscah aliisogeza baiskeli yake mbele. "Basi Diana aende Nakuru na baiskeli yangu. Ni nyepesi."

"Na magunia yatabebwa na nani?" Diana akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu kona ile, akacheka.

Jumatatu asubuhi trekta la maziwa lilipiga honi kwenye mwinuko. Priscah alimpungia dereva mkono apite, akasimama juu ya pedali, akapanda.