Pengo la Rangi Nyekundu

"Picha haina kichwa wala miguu, halafu wataka ikae begani mwako mpaka kufa?"

Fundi alitania, lakini moyo wake haukuwa kwenye utani. Kazi yake ni kuchora watu tatuu, na huyu aliyeketi mbele yake ni mchumba wake, harusi wiki ijayo. Picha iliyolala mezani ilichorwa na marehemu mume wa mwanamke huyo: mabaka ya buluu, weusi unaochuruzika, na mstari mmoja mwekundu katikati.

"Nikichorwa hii ataniacha nilale," mjane akajibu.

"Bado anakuja?"

"Kila nikifumba macho. Nasikia anakung'uta brashi kwenye gilasi."

Fundi akaivuta picha karibu. Kushindana na aliye hai ni vita. Kushindana na marehemu ni kupiga ngumi moshi. Akaanza kazi kama ilivyo desturi yake: kabla ya penseli, kidole hufuata kila mstari, ajue mkono wa mwenyewe ulipitaje. Akafuata buluu, akafuata nyeusi. Kwenye nyekundu kidole kikagoma.

"Marehemu alitumia mkono wa kushoto?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Mistari mingine yote imelala kushoto. Huu mwekundu umelala kulia. Kauchora nani?"

"Yeye."

"Mpenzi, hii ndiyo kazi inayonilisha. Usinidanganye hapa."

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya mjane. Ulitoka kwa mama wa marehemu, wakausoma wote wawili: "Mwanangu, nimemwota tena. Amesimama mlangoni ananiomba rangi nyekundu. Kwani alipungukiwa?"

Mjane akaweka simu kifudifudi.

"Niliitupa mimi," akasema. "Tuligombana, nikamwambia rangi zake hazipikiki tukala. Nyekundu nikaitia jalalani. Akatoka kwenda kutafuta nyingine, gari likamkuta njiani."

"Na mstari?"

"Picha ilibaki na pengo. Baada ya mazishi nikalijaza mwenyewe, nikawaambia watu aliimaliza. Nilidhani akiikuta imekwisha, hatarudi kuidai."

Fundi akaufunika mstari mwekundu kwa kidole.

"Huo wako siuchori. Nitachora hadi alipoishia yeye. Pengo libaki pengo."

"Na akija?"

"Akija atakuta ukweli. Mimi nitakuwa ubavuni mwako, tumpokee wote."

Mjane akaandika kwanza, herufi mojamoja: "Ndiyo mama, alipungukiwa. Sababu ni mimi. Nakuja nikueleze." Kisha akafunua bega. Sindano ikavuma alasiri nzima, wala hakuguna.

Kwenye kioo akaona buluu, akaona nyeusi, na katikati ngozi yake tupu.

"Gauni la harusi lina mikono mirefu?" Fundi akauliza taratibu.

"Lilikuwa nayo. Kesho nampelekea mshonaji aikate."

Fundi akacheka kidogo, akafungua mlango. Mchumba wake akafika kizingitini, akasita, akasogea kando kama anayempisha mtu atangulie. Ndipo naye akatoka.