Mtasema Anajikuna

Kila siku saa tisa alasiri, kabla watu wa nyumbani hawajarudi kutoka shambani, Sihaba alikuwa na kazi moja ambayo hakutumwa na mtu. Akitoka shule alivua sare, akajifunga kanga ya zamani, akachota ndoo mbili za maji, kisha akaita kwa sauti ya chini nyuma ya choo, "Mtasema! Njoo, Mtasema!" Mbwa akaja, mkia katikati ya miguu, maana alijua anaitiwa nini.

Jina hilo alipewa na Bibi Sijaona, mama yake baba, siku mbwa alipoletwa akiwa mdogo kama kiatu. Majirani walinong'ona: nyumba ya Waislamu, mbwa wa nini? Bibi akajibu kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu, "Basi ataitwa Mtasema. Na mseme!" Lakini hata walionong'ona walijua. Pale kijijini Mloka mashamba yamepakana na hifadhi ya wanyama, na mpunga ukianza kuiva nguruwe pori hawangoji kualikwa. Mzee Mfaume, baba yake Sihaba, alikuwa akilala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia shamba, na chini ya dungu alilala Mtasema. Nguruwe akikanyaga jani tu, mbwa ameshabweka.

Balaa lilianzia kwenye mkeka. Baraza la Bibi Sijaona halikosi watu: huyu amekuja kuazima kinu, yule anasuka ukili, na wote kwa pamoja wanachambua habari za mji mzima. Siku moja Mtasema alipita pembeni ya mkeka, na jirani yao Bi. Hadija akakusanya baibui lake haraka, akasimama.

"Mimi hapa sikai tena, mwenzangu. Nina udhu wangu."

Siku tatu hakuonekana. Sihaba aliona aibu utadhani yeye ndiye aliyepita penye mkeka. Akakumbuka somo la madrasa: chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Akawaza, kama sufuria inatoharika, mbwa mzima akioshwa mara saba si atatoharika pia? Wageni watakaa kwa raha zao. Hakumuuliza mwalimu, hakumuuliza Bibi. Alichukua sabuni ya unga ya kufulia, akamsugua Mtasema kwa mchanga, kisha povu na kusuuza, povu na kusuuza, mpaka zikatimia saba. Kesho yake akarudia.

Wiki ya pili Mtasema akaanza kujikuna. Ngozi ya tumbo ilipauka kama mguu usiojua mafuta, na vigamba vyeupe vikamdondoka kama pumba za mchele. Alijikuna kwa mguu wa nyuma, akajisugua kwenye nguzo, akajing'ata mkia mpaka akalia mwenyewe. Sihaba akadhani ni uchafu uliobaki. Akaongeza sabuni.

Barazani kila mtu akawa daktari.

"Huo upele. Mpakeni oili chafu ya pikipiki."

"Oili ya nini? Mnyunyizieni ile dawa ya unga ya mikorosho, siku moja tu mtaona!"

Mzee Mfaume hakuwa na hamu ya mzaha. "Jana nguruwe wamekula majaruba mawili ya mpunga, mbwa yuko chini anajikuna, hana habari. Ijumaa ikifika hivi hivi, namkabidhi kwa mgambo."

Madaktari wote wakarudi kwenye ukili wao. Mgambo hatibu mbwa. Mgambo ana bunduki.

Jioni hiyo Bibi alitikisa pakiti ya sabuni, ikalia tupu. Akamgeukia Hemedy, kaka yake Sihaba. "Hemedy! Hiyo jezi yako unaifua kwa sabuni ya ukoo mzima?"

"Bibi, haki ya Mungu, jezi yangu ina wiki mbili haijaona maji!"

"Ndiyo maana ukiingia ndani nzi wanatoka! Sasa mpira basi, mpaka mwizi wa sabuni ajulikane."

Hemedy alitoka akiwa amenuna. Sihaba alitazama vidole vyake vya miguu.

Alhamisi saa kumi, watu wakiwa wamesharudi kutoka shambani, Bi. Zamda, afisa mifugo, akafika na pikipiki yake kuchanja kuku dhidi ya kideri, ugonjwa unaomaliza kuku. Bibi akampokea kwa uji wa mchele, kisha akamsogeza mpaka kwa Mtasema. Baraza lote likafuata, na Bi. Hadija, aliyekuja kuchanjiwa kuku wake, akasimama mbali kidogo na baibui lake mkononi. Bi. Zamda alivaa glavu, akapenua manyoya, akachungulia masikio na vidole.

"Viroboto siwaoni. Kupe hana. Upele wa utitiri nao kwa kawaida hula masikio, na yake ni mazima. Ngozi imekauka tu, imekauka vibaya. Kwani mnamwosha na nini?"

Baraza likaangua kicheko. "Mbwa wa huku, mwanangu, anaoshwa na mvua!" alisema Bibi.

Bi. Zamda hakucheka. "Basi sielewi. Kama haoshwi, huenda ni maradhi ya ndani. Itabidi apelekwe mjini kupimwa, na watoto wasimguse."

"Mjini?" Mzee Mfaume alitikisa kichwa. "Mpunga wangu hausubiri vipimo. Kesho Ijumaa."

Sihaba alihisi masikio yanawaka moto. Mnamwosha na nini? Swali lile lilikuwa lake peke yake. Akisema, atajulikana mwizi wa sabuni mbele ya baraza zima, na habari itafika sokoni kabla ya magharibi. Asiposema, kesho hakuna Mtasema. Mbwa alikuwa ameketi pale pale, amechoka, anajikuna ubavu huku anamwangalia yeye.

"Anaoshwa," alisema.

"Nani?" Bibi aliuliza.

"Mtasema. Ni mimi. Kila siku, kwa sabuni yako, Bibi. Mara saba, na ya kwanza kwa mchanga. Nilitaka atoharike, ili Bi. Hadija arudi kukaa."

Hemedy aliruka juu. "Ehee! Mmesikia nyote? Jezi yangu imeachiwa huru!"

Bibi alijishika kichwa. "Mara saba! Kwa siku ngapi, mke mwenzangu?"

"Kumi na sita."

"Mbwa wa watu! Mimi mwenyewe ningeoshwa hivyo, mngebaki na mifupa." Akamvuta Sihaba karibu. "Ile saba ni ya chombo chetu alicholamba, na mkono ulioshika mate yake. Yeye mwenyewe hatukuambiwa tumtoharishe. Utamwosha mpaka kiama, atabaki mbwa, na kazi yake ya kulinda shamba ni halali."

"Kumbe ni maneno yangu!" Bi. Hadija alijishika mdomo. "Masikini, mimi nilitaka tu asipite penye mkeka."

Bi. Zamda sasa alikuwa anatabasamu. "Umetuokoa, binti. Ngozi ina mafuta yake. Sabuni ya kufulia ni kali, na wewe umeyaondoa kila siku kabla hayajarudi. Leo msuuze kwa maji ya uvuguvugu matupu, mpaka povu liishe. Mkaushe kwa kumgusagusa na kitambaa, usimsugue. Halafu mafuta ya nazi yasiyo na manukato, kidogo sana, pale palipokauka tu. Akiyalamba mengi ataharisha."

"Na utomvu wa shubiri?" mmoja wa barazani akauliza.

"Hapana, akiilamba itamdhuru. Oili chafu ni sumu, na dawa ya mikorosho iacheni kwenye mikorosho. Mchanganyieni ugali na samaki wa kuchemsha, bila miba wala chumvi. Mzee, mpe wiki mbili. Vikitokea vidonda, au mtu humu ndani akianza kuwashwa, nipigieni simu."

Mzee Mfaume alimtazama binti yake. "Wiki mbili," alisema.

Bi. Zamda akamwachia Sihaba glavu. Kabla jua halijazama, Bi. Hadija mwenyewe akaleta chupa ya mafuta ya nazi aliyokamua kwa mkono wake. "Nisije nikaambiwa nimeua mbwa," alisema, akaketi mkekani.

Siku za mwanzo hakukuwa na ajabu lolote. Siku ya tano vigamba vikapungua. Siku ya tisa Mtasema alilala kivulini mchana kutwa, mguu wake wa nyuma umetulia, na mgongoni vimeanza kuchipua vinyweleo laini. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili Mzee Mfaume akarudi kutoka dunguni amelowa umande, anacheka peke yake. Nguruwe watano walikuwa wamekuja. Mtasema aliwafukuza mpaka wakasahau njia waliyojia.

"Mwambieni Bi. Zamda asipoteze mafuta ya pikipiki kuja huku," alisema. "Na mgambo nitamwambia apumzike."

Sihaba alijikuta anacheka na machozi yanamtoka. Bibi Sijaona akamketisha kando yake.

"Sikiliza. Moyo wako ulikuwa mzuri, sikulaumu kwa hilo. Lakini ulifanya jambo usilolijua, ukaona mbwa anaumia, ukaona ndugu yako ananyimwa mpira, ukanyamaza. Kuuliza kungekuchukua dakika moja. Kuficha kulitaka kutugharimu mbwa na mpunga. Na siku uliposema kweli, ulipigwa?"

"Hapana, Bibi."

"Basi kuanzia leo, usilolijua, uliza."

Sihaba alifuta macho kwa ncha ya kanga, akafikiri kidogo.

"Bibi, na paka je, tunamwosha mara ngapi?"

"Paka mwache hivyo hivyo alivyo!" Bibi akapiga kelele, na baraza zima likavunjika mbavu.