Simu Iliyopigwa Mpira Ukiendelea

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaopenda mpira, sogeeni karibu. Hii habari inaanza kwa kicheko, lakini msinihukumu mapema kwamba nimekuja kuwachekesha. Mimi mwenyewe niliicheka miezi mingi kabla haijaniliza.

Nina duka dogo la misumari, gundi, msasa na vanishi, na ndiyo maana mtaani wananiita Mama Misumari. Mbele ya duka langu kuna karakana ya useremala ya ndugu wawili. Mkubwa aliitwa Mchambuzi, kwa sababu hakuna timu ya Ulaya asiyoijua mpaka nani anaumwa goti. Mdogo wake aliitwa Randa, kwa vile mbao aliyoipitisha randa yeye ungeweza kulaza shavu lako juu yake usikwaruzwe.

Baba yao alifariki Randa akiwa bado anapoteza viatu njiani. Mchambuzi ndiye aliyemlea, akamshikisha msumeno, akambeba mabegani kwenda kuangalia mechi. Hata timu ya Randa alimpa yeye bila kujua. Alimnunulia jezi ya mtumba iliyomtosha, hakutazama nembo, kumbe ni ya mahasimu wa timu yake mwenyewe! Mtoto akaipenda jezi, akaipenda na timu, ikawa imetoka hiyo.

Timu zenyewe sizitaji. Nawajua. Nikizitaja tu, nusu yenu mtaacha kusikiliza muanze kubishana.

Asubuhi zao zilikuwa tamu. Mmoja ameshika mwisho huu wa ubao, mwingine mwisho ule, vumbi la mbao linaruka, chai inapoa, na mabishano yanaendelea. Wateja walikuja kuulizia kitanda wakajikuta wameketi juu ya magogo wanasikiliza.

“Kaka, Madrid mwaka huu unawaonaje?” Randa angeuliza.

“Madrid wanaweza kucheza ovyo mechi nzima. Wewe unapiga chafya, unafumbua macho, wamefunga. Hao huwachambui, unawaogopa tu.”

“Na Barcelona?”

“Watapasiana mpaka usahau kama uwanjani kuna goli. Lakini nyuma wanaacha wazi kama nyumba ya mlevi.”

“Bayern?”

“Kwao wanamla kila mtu. Wakitoka, wanakutana na wenye njaa kama wao.”

“Basi sisi ndio tunaongoza ligi, sema tu ukweli!”

“Januari hakuna bingwa, mdogo wangu. Anayeongoza Januari amekalia kiti kisichotiwa gundi. Na ninyi siwachambui. Nawahurumia.”

Hapo Randa angemrushia maranda usoni, na mimi dukani kwangu ningeshika mbavu. Nani angeona ubaya hapo? Mimi sikuuona.

Sasa nisikilizeni vizuri. Msimu ule, ligi ilipofika katikati, timu zile mbili zilikuwa zinafuatana kileleni, moja ikiteleza nyingine inapanda. Utani ukaanza kupata makali. Timu ya Randa ikafungwa. Asubuhi akakuta meza yake ya kazi imefunikwa shuka jeupe kama maiti. Wiki iliyofuata timu ya Mchambuzi ikafungwa, Randa akampigia simu kaka yake, ambaye alikuwa mezani anakula na wageni, akasema kwa sauti ya huzuni, “Halo, hapo ni msibani?” akakata. Akapiga tena. Akapiga tena. Watu wakacheka, kaka mtu naye akacheka, lakini jino moja lilikuwa linauma.

Tangu hapo simu zao zikawa za namna hiyo tu. Mama yao alikaa mbali nao, na walikuwa na kundi la familia kwenye simu. Siku moja mama alituma ujumbe wa sauti kwamba kichwa kinamuuma na dawa za presha zimekwisha. Ujumbe ukafunikwa na picha za makipa wanaolia na makocha waliovishwa vilemba vya kuchekesha. Mama akatuma mwingine: “Wanangu, hamna hata salamu?” Randa alikuja kunieleza habari hiyo kwa aibu kidogo, akamtumia mama dawa. Kesho yake akaanza tena.

Mke wa Randa, binti mpole aliyekuwa anafanya kazi ya kushona mapazia, alikuwa na mimba yake ya kwanza, karibu kabisa kujifungua. Yeye ndiye aliyesema neno ambalo sote tulipaswa kulisikia.

“Shemeji,” alimwambia Mchambuzi siku moja mbele yangu, “ninyi siku mkiwa na jambo la maana la kuambiana, mtajuaje kwamba si utani?”

“Shemeji, ondoa wasiwasi,” Mchambuzi akajibu akicheka. “Siku ikifika wewe tuambie tu, pikapu ipo. Nitakupeleka mwenyewe, taratibu kama nimebeba kabati la vioo.”

Pikapu ilikuwa ya karakana, mali yao wote wawili, ila ufunguo ulikaa mfukoni mwa mkubwa.

Ikafika Jumapili ya mechi ya timu zile mbili, uso kwa uso. Mchana mvua ilianza kunyesha. Mchambuzi alivaa jezi yake, akapanda pikapu kwenda kwenye ukumbi wa kuonyeshea mpira. Randa alibaki, maana mkewe alikuwa analalamika mgongo tangu asubuhi. Kule ukumbini, kiti cha Randa kilipoonekana kitupu, watu wakapiga kelele: “Amekimbia! Ameona kipigo kinakuja!”

Mimi nilikuwa nyumbani, nyumba ya pili kutoka kwa Randa, nikakisikia kilio cha yule binti. Nilipoingia nilimkuta ameshika ukingo wa kitanda, na sakafuni kuna damu. Siyo damu ya kawaida ya uzazi, ndugu zangu. Nimezaa, naijua.

“Mpigie kaka yako alete gari,” nikamwambia Randa.

“Nampigia, Mama Misumari. Nampigia, hapokei.”

Yaliyotokea ukumbini nilisimuliwa baadaye na waliokuwepo. Timu ya Mchambuzi ilikuwa imetoka kufunga goli. Simu ikaita, jina la mdogo wake likatokea. Mchambuzi akainyanyua juu watu wote waione.

“Anapiga!” akasema. “Goli moja tu, hata maji hajanywa, anataka kunipotezea utamu!”

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Ikaita tena, wakacheka zaidi. Mtu mmoja, fundi wa redio, alimwambia, “Pokea, huenda ana shida.” Mchambuzi akamjibu, “Huyu? Namjua huyu, nimemlea mimi.” Ilipoita tena, akaizima.

Sisi huku tulikuwa tunagombana na mvua. Randa alikimbia barabarani kutafuta gari, akarudi amelowa, akatoka tena. Pikipiki isingewezekana kwa hali ile. Mwisho lori moja lililokuwa limebeba matofali lilisimama. Tulimpandisha mbele, nikamshika kichwa mapajani mwangu, na Randa akaning’inia mlangoni. Njia nzima alikuwa anabonyeza simu kwa kidole gumba: Kaka pokea. Shemeji yako anatoka damu. Kaka nakuomba. Na yule binti, midomo imekauka, alikuwa ananiuliza jambo moja tu: “Anacheza bado? Niambie kama unamsikia akicheza.” Niliweka mkono tumboni mwake. Nilimwambia anacheza.

Hospitalini walimkimbiza ndani. Tulikaa kwenye benchi la korido, ukutani saa mbovu, sakafuni nyayo zetu za matope na damu. Muuguzi alipotoka, nilijua kabla hajafungua mdomo.

“Mama tumemuokoa,” alisema. “Mtoto alikuwa wa kike. Tumemkuta ameshaondoka.”

Randa aliuliza, “Kama tungewahi?”

Muuguzi akaketi kando yake. “Wakati mwingine wakiwahi tunawapata. Sitaki kukubebesha mzigo, kaka yangu.”

Basi hapo hapo simu ya Randa ikalia mlio wa ujumbe. Nilimwona uso ukifunguka kidogo, kama mtoto aliyepotea sokoni akaona nguo ya mama yake. “Kaka ameona,” akaniambia. “Yuko njiani.” Ulikuwa ujumbe wa sauti. Akaubonyeza.

Nyuma ulisikika ukumbi mzima ukiimba na kupiga meza. Kisha sauti ya Mchambuzi, imekauka kwa furaha:

“Poleni na msiba! Mazishi saa ngapi? Jeneza msinunue, nitawachongea mimi mwenyewe, bure!”

Korido yote ilisikia. Muuguzi akaweka kiganja mdomoni. Randa hakuizima. Aliuacha ujumbe ukaisha wenyewe, mpaka kicheko cha mwisho.

Kumbe Mchambuzi, filimbi ya mwisho ilipolia, aliwasha simu na kurekodi ujumbe wake kwanza, akautuma, ndipo akapandisha macho kusoma jumbe za Randa zilizoutangulia. Walionisimulia wanasema alisimama katikati ya watu wanaorukaruka, akawa anasema, “Tulieni. Tulieni jamani,” na hakuna aliyemsikia.

Alifika hospitalini na jezi yake, amelowa jasho. Akapiga magoti mbele ya mdogo wake palepale koridoni.

“Sikujua,” alisema. “Wallahi sikujua, mdogo wangu. Nilidhani ni utani wetu.”

Randa hakumtukana. Laiti angemtukana. Alinyoosha mkono akasema, “Naomba ufunguo wa karakana.”

Asubuhi nilipofungua duka, mlango wa karakana ulikuwa umefungwa kwa ndani. Randa alikuwa anachonga. Mchambuzi alikuwa amesimama nje, ameegemeza paji la uso kwenye mbao za mlango.

“Nifungulie, nikushikie ubao,” alisema. “Peke yako utashindwa kuushika.”

“Ni mfupi,” Randa akajibu kutoka ndani. “Hauhitaji watu wawili.”

Nimeuza misumari miaka mingi. Asubuhi ile Randa alipokuja kuchukua ile midogo kabisa, sikuweza kupokea pesa, wala sikuweza kumtazama.

Tulimzika yule mtoto siku hiyohiyo. Watu wa ukumbini walikuja wengi, wakasimama wamekunja mikono, hakuna aliyejua aweke macho wapi. Mke wa Randa alikuwa bado amelazwa. Nilipokwenda kumwona aliniambia, “Uliniambia anacheza.” Nikamshika mkono tukalia.

Mnataka kujua ubingwa ulichukuliwa na nani? Ilipofika mwisho wa msimu, timu zote mbili zilikuwa zimeshapitwa. Kombe lilibebwa na timu ya tatu, ambayo hakuna mtu mtaani kwetu aliyekuwa akiishangilia.

Randa alipata kazi kwenye kiwanda cha samani, mji mwingine, akahama na mkewe. Mchambuzi alibaki na karakana. Anapokea kazi ndogondogo, maana ubao mrefu unataka watu wawili. Vijana wakimwuliza habari za Madrid au Barcelona anawajibu, “Sijui,” na kweli hajui. Akimpigia mdogo wake, simu inaita mpaka inakata. Mama yao anawapigia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kisha ananipigia mimi analia.

Juzijuzi Mchambuzi alivuka barabara akaja dukani. Amekonda, ndevu zimeanza mvi.

“Mama Misumari,” aliniambia, “nipigie kwa simu yako. Yako atapokea.”

Nikapiga. Akapokea mara moja, sauti ileile ya heshima.

“Shikamoo, Mama Misumari. Hamjambo huko?”

“Marahaba, mwanangu. Hatujambo. Mkeo?”

“Yupo, anaendelea. Ameanza tena kushona.”

“Mwanangu, kaka yako yuko hapa pembeni yangu. Anataka akusalimie tu. Neno moja.”

Mchambuzi alikuwa amenyoosha mkono kuelekea simu.

“Mwambie simchukii,” Randa akasema taratibu. “Mwambie namwombea. Alinilea, siwezi kusahau. Lakini asije kwenye simu, Mama. Nikiisikia sauti yake, naisikia ile ya siku ile.”

Akaniaga kwa adabu, akakata. Sikuhitaji kurudia maneno yale, kwa sababu Mchambuzi alikuwa amesogea karibu, ameyasikia yote. Alirudisha mkono mfukoni, akashukuru, akavuka barabara.

FUNZO LA HADITHI HII

Ndugu zangu, sisemi mpira ni mbaya. Shangilieni timu zenu, chambueni mpaka mchoke, mchekane asubuhi kazini. Lakini wale wachezaji hawawajui, hawatakuja hospitalini kwenu, wala hawatasimama makaburini kwenu. Atakayekuja ni ndugu yako, yule unayemtania. Basi mwachie nafasi ya kukuita. Mkiongea kwa kejeli tu, siku akilia kweli utadhani ni kejeli. Msitanie kwa misiba, kwa majeneza wala kwa vifo, kwa maana hujui aliyeshika simu upande wa pili amesimama wapi. Na simu ya mtu wako ikiita, hata kama mpira umefika dakika ya mwisho, pokea. Akiwa anakucheka, utakuwa umepoteza dakika moja ya mpira. Asipokuwa anakucheka, huenda hutaipata nafasi nyingine ya kumjibu.